Kuku wa Mayu Domitila

Mayu Domitila alikuwa na macho mekundu. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu hata nikilificha mtaniuliza, na kijijini kwetu Sapiwi miaka ile, ambako macho mekundu ya kikongwe yalihesabiwa ya mchawi, swali la macho lilikuwa limeshamwaga damu ya kutosha. Alikuwa amepikia samadi kavu maisha yake yote, kama sisi wote tuliokwisha maliza miti, na moshi wa samadi haumwachi mtu na macho ya bibi harusi. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye ndama wake amekufa.

Nilimwita mayu, yaani mama, ingawa hakuwa mama mzazi wa mume wangu, Magese. Alikuwa mke mdogo wa baba yake. Hakujaliwa mtoto, na Magese alipofiwa na mama yake angali ananyonya, huyu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Mzee alipofariki, mayu akabaki na nyumba yake ndogo upande wa pili wa uwanja wetu, na kuku wake. Kuku wale walikuwa wanene na wakorofi. Waliingia jikoni kwangu bila hodi, wakachungulia chungu kama mawifi. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukipita kijijini na kufyeka mabanda ya watu, yeye alibaki nao wa kutosha kuanza upya, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwafungia ndani mara tu akisikia kuku wa mtu mwingine wanasinzia. Watu hawakuiona tabia hiyo. Waliona tu kwamba kuku wake hawafi.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba ndio walikuwa wameanza kushuka na malori yao. Tuliokuwa tumezoea kupeleka pamba ushirika na kungoja hata msimu mwingine, ghafla tukawa tunagombewa barabarani. Wanaume walitembea na redio mpya begani. Magese akataka ng'ombe. Mimi nikataka bata mzinga, kwa sababu mwanamke mmoja wa Lamadi, anayepeleka samaki Mwanza, aliniambia hoteli mpya za huko zinamtafuta ndege huyo kwa tochi kila Krismasi.

Magese alicheka mpaka akakaa chini. "Bata mzinga, mama Shija? Yule ndege mwenye shingo ya mtu aliyeungua?"

"Huyo huyo. Pamba tumelima wote. Nusu ni jasho langu."

Alikubali, kwa sababu nilikuwa nasema kweli na kwa sababu nilikuwa sijanyamaza. Nikaenda Ipililo kwa mwalimu mmoja mfugaji, nikarudi na majike mawili na dume lenye majivuno. Majike yakataga vizuri, lakini kulalia hayakutaka. Yalisimama juu ya mayai, yakatazama angani, yakaondoka.

Ndipo mayu Domitila alipoleta kuku wake wa kuatamia. Kuku huchoka mapema kwa mayai ya bata mzinga, maana anajua ya kwake yangekwisha anguliwa wiki nzima iliyopita. Mayu alikaa nao, akiwalisha mtama mkononi, akiwafunika kwa kapu lililotobolewa wasinyanyuke. Vifaranga vilipotoka vilikuwa vijinga kupita kiasi. Havikujua kula. Mayu aliwakatia majani ya mgagani madogo madogo, na kuku mlezi akawaonyesha kudonoa. Wakakua kwenye uwanja uleule, wakichakura udongo uleule nyuma ya mama zao wa kuku, nami nikawa nawahesabu kila jioni kama mlevi anavyohesabu chupa.

Mvua za Novemba ziliponyesha mfululizo, mmoja akajitenga. Alisimama karibu na ukuta, mabawa yameshuka, macho amefumba, kana kwamba anasikiliza kitu chini ya ardhi. Kinyesi chake kilikuwa cha manjano kama binzari. Kesho yake amekufa. Kisha wawili. Kisha wengine tena. Na huku kuku wa mayu wanapita katikati ya mizoga wakiwa wazima, wanene, wanatafuta minyoo iliyotolewa na mvua.

Luhende aliyaona hayo siku hiyo hiyo. Huyu Luhende ni kaka mkubwa wa Magese, mji wake uko ng'ambo ya korongo. Simsemi kuwa ni mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na mwoga mwenye sauti nene ni hatari kuliko mbaya. Mwaka uliopita alipoteza ndama, na mwanzo wa msimu mke wake aliharibikiwa na mimba. Alisimama uwanjani kwetu, akatazama bata mzinga wanaosinzia, akatazama kuku, akatazama mlango wa mayu Domitila.

"Shemeji," akaniambia, "ugonjwa unaochagua hivi, umewahi kuuona?"

"Ugonjwa ni ugonjwa, shemeji."

"Yaya, sivyo. Ugonjwa haujui nyumba. Huu unajua."

Nilijua neno alilokuwa hajalisema. Jirani yetu mmoja wa upande wa magharibi, mwanamke mzee kama mayu, alikuwa amekutwa mlangoni mwake amekatwa mapanga msimu wa kupalilia, na hadi leo hakuna aliyemwona aliyefanya. Lilianza hivyohivyo, na mtu kusimama uwanjani na kusema ugonjwa unajua nyumba.

Nilimtazama Magese, nikitegemea aseme kitu. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe. Aliendelea kukwangua hata tope lilipokwisha.

Asubuhi nilifunga mzoga kwenye mfuko wa mbolea, nikapanda lori la pamba mpaka Bariadi. Karibu na stendi kulikuwa na duka la dawa za mifugo la Januarius. Zamani alikuwa bwana mifugo wa serikali, akaja kwetu kuchanja ng'ombe. Serikali ilipopunguza watu akapunguzwa naye, akafungua duka. Alikuwa mchangamfu kuliko alipokuwa ofisini, labda kwa kuwa sasa anauza.

Alimpasua ndege palepale nyuma ya duka, juu ya gunia. Akanionyesha ini. Lilikuwa na madoa ya mviringo, kama limegongwa kwa kizibo cha soda. Utumbo wa nyuma ulikuwa umevimba na kujaa uchafu mgumu.

"Una kuku?" akauliza.

"Wa mama mkwe. Uwanja mmoja."

Akatingisha kichwa. "Basi. Kuku wana minyoo tumboni, na mdudu wa ugonjwa huu anajificha ndani ya mayai ya ile minyoo. Kuku anatembea naye, hata homa hapati. Bata mzinga akidonoa penye kinyesi cha kuku, au akimeza mnyoo wa ardhini aliyepita hapo, mdudu hukaa kimya kwanza siku kadhaa, kisha ini linaoza."

"Nipe dawa."

"Ya minyoo ya kuku ninayo. Ya huyu aliyekwisha kuugua sijaiona sokoni tangu nitoke ofisini. Na udongo wenu, mama, utakaa na kitu hiki miaka. Ukitaka bata mzinga, watoke hapo, wakae mahali ambapo kuku hajawahi kukanyaga. Au kuku waondoke, na bado usubiri. Wawili hawa hawafugwi uwanja mmoja."

"Nyama yao je? Inadhuru mtu?"

"Mzima chinja ule. Mgonjwa fukia."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Nilikuwa na jibu! Safari nzima juu ya lile lori nilikuwa najipangia maneno, namwona Luhende akishika kichwa na kusema kumbe. Wajinga wana raha zao, na siku ile nilikuwa miongoni mwao.

Nilimkuta Luhende amekaa na Magese, na wazee wawili wa ukoo. Nikasalimia kwa heshima, nikapiga goti, nikaeleza yote: minyoo, mayai, ini, udongo. Nilieleza vizuri. Walisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida kwao.

Nilipomaliza Luhende akavuta pumzi. "Kwa hiyo mtaalamu wa Bariadi amesema wanaoua ni kuku."

"Minyoo iliyo ndani ya kuku, shemeji."

"Kitu kiko ndani ya kuku. Hakionekani. Kuku mwenyewe hakimdhuru. Kinatoka, kinaingia ardhini, kinamwua wa mwenzake." Akawageukia wazee. "Mganga niliyemwendea juzi alisema nini? Si maneno hayo hayo? Na yeye hajawahi kukutana na huyo Januarius."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema polepole, "Sasa tumesikia pande mbili."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimebeba ukweli kutoka Bariadi kwa mikono yangu miwili, na mtu ameupokea mlangoni akaugeuza panga. Nikaanza kueleza upya, kwa sauti ya juu zaidi, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyomchimbia mayu shimo. Kuku wa nani? Wa Domitila. Nani aliyewaweka chini ya mayai? Domitila. Magese akanishika mkono akasema, "Inatosha."

Luhende alisimama. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi simgusi mke wa baba yangu. Lakini vijana wamesikia, na mimi siwezi kuwafunga vijana kamba. Akifa ndege mwingine mmoja kwenye mji huu, msije mkasema hamkuambiwa."

Kwa hiyo uhai wa mwanamke mzee uliwekwa kwenye matumbo ya bata mzinga. Nisameheni, bado nikikumbuka nakasirika.

Tulifanya kazi kama wendawazimu. Magese, ambaye mdomo ulikuwa umemfia lakini mikono ilikuwa hai, alijenga uchanja mrefu wa miti ng'ambo ya shamba la mihogo, mahali ambapo kuku hawafiki. Tukawapandisha bata mzinga waliobaki, wakawa wanakula na kunya juu, bila kugusa udongo. Nikawapa kuku wa mayu dawa ya minyoo. Nikafagia uwanja, nikachoma taka. Mayu alikuja kunisaidia kufagia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanawe. Akainama na ufagio wake. Baada ya muda akasema bila kunitazama, "Wamebaki wangapi wanaosimama vizuri?"

Alikuwa anajua kila kitu. Katika kijiji, anayejadiliwa ndiye wa kwanza kusikia.

"Wote wanasimama, mayu."

"Wabeja," akashukuru, akaendelea kufagia.

Walisimama vizuri kwa siku kadhaa, nikaanza kupumua. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi nikaenda na maji, na dume, lile lenye majivuno, lilikuwa limekaa pembeni ya uchanja, mabawa yameshuka. Chini yake, kwenye majani ya mihogo, kulikuwa na manjano.

Nikakaa chini. Mdudu alikuwa ndani yake kabla hatujampandisha. Januarius alisema hukaa kimya kwanza. Angekufa leo au kesho. Na barabarani, ng'ambo ya korongo, nikawaona vijana watatu wamekaa juu ya gogo mbele ya mji wa Luhende, hawafanyi kitu, wanatazama kwetu. Hiyo haikuwa saa ya kijana yeyote kukaa bure. Mvua imenyesha, watu wote wako shambani.

Akifa ndege mwingine mmoja. Nilirudiarudia maneno hayo kichwani kama mtoto anayejifunza sala. Akifa. Akifa. Halafu nikayasikia vizuri. Luhende alisema akifa. Hakuna mganga duniani anayeweza kumlaumu mchawi kwa ndege aliyechinjwa na mwenye mali.

Nikaenda jikoni nikachukua kisu.

Dume nililichinja kwanza, nikalifukia palepale, kwa kuwa lilikuwa gonjwa. Kisha nikageukia wazima. Walikuwa wazuri. Manyoya yao yalikuwa yanang'aa kwa umande, na walinijia wakidhani nimeleta mtama. Nusu ya pamba yetu, hoteli za Mwanza, bati nililokusudia kuezeka, vyote vilikuwa vimesimama pale vikinitazama kwa jicho moja moja. Nililia huku nachinja, tena kwa sauti, sina haja ya kujifanya. Magese alinikuta katikati ya damu.

"Felisita! Umerukwa na akili?"

"Shika miguu."

Akanitazama, akatazama gogo la wale vijana. Akaelewa. Akashika miguu.

Tulipomaliza nilienda kwa mayu Domitila, nikamwomba awapike yeye. Si mimi, yeye, kwa chungu chake, na moto wake wa samadi.

"Nani atakula chakula changu?" akauliza.

"Tutajua leo."

Kwetu huwezi kula chungu cha mtu unayemwita nogi, yaani mchawi. Anayekipokea chakula cha mwenzake mbele za watu amesema kwa mdomo uliojaa kile ambacho kikao kizima hakitasema. Nilimtuma Shija wetu mji kwa mji, kwamba mama anaalika watu, kuna nyama, njooni wote. Nyama ilikuwa haba msimu ule wa kulima, na harufu ilivuka korongo kabla ya mtoto. Wakaja. Wakaja na wale vijana watatu, mmoja wao akiwa na panga la shambani mkononi, na Luhende na mke wake, na wazee wawili. Wakakaa uwanjani, mbali kidogo na chungu.

Mayu alipakua. Aliweka ugali kwenye ungo, nyama kwenye bakuli kubwa, akaleta maji ya kunawa. Akapiga goti kama ada. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilisikia mtu akimeza mate. Mimi kula kwangu kusingekuwa na maana, mimi ni mke wa kuja, tena nimekwisha julikana niko upande wake. Nilimtazama mume wangu. Nilimwambia moyoni, Magese, mwanamke huyu alikubeba mgongoni, na kama leo utakwangua jembe, mimi na wewe tumekwisha.

Magese akanawa. Akamega ugali, akachukua kipande cha nyama, akala. Akatafuna polepole, kila mtu akimtazama koo. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Mayu, ongeza chumvi kidogo."

Mke wa Luhende akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na woga, akanawa naye. Wazee wakanawa. Kijana mwenye panga akaliweka chini ili apate mkono wa kulia. Nyama ni nyama. Mwisho akabaki Luhende peke yake, jasho linamtiririka, na mke wake akamsukumia bakuli. Alikula kipande kidogo kama anayekula kaa la moto. Lakini alikimeza, nasi sote tukaona.

Waliondoka jua likiwa bado juu, wameshiba, wanaongea habari za palizi. Nilikaa kizingitini mwa mayu nikiwa nimeishiwa nguvu kabisa, lakini nilikuwa na furaha kali. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka anisifu, semeni mnachotaka. Alikuwa ndani, nikasikia vyombo vinagongana, nikadhani anaosha.

Alitoka na kitenge chake kimefungwa bonge, na tenga la kuku.

"Naenda Mwamanyili kwa mdogo wangu," akasema. "Malori ya pamba bado yanapita."

"Mayu! Wamekula. Umewaona wamekula, hata Luhende!"

"Nimewaona. Wabeja, ng'wanawane. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo, hata aliyenioa." Akaliweka tenga chini, akanishika kidevu kama ninavyomshika Shija. Yale macho mekundu yalikuwa makavu. "Mwaka huu ni bata mzinga, ukawachinja wote. Mwakani akifa ng'ombe wa Luhende, utachinja ng'ombe wote?"

Nikaliwekea mkono lile tenga asilinyanyue.

"Na akiugua mtoto, Felisita?"

Nyuma ya nyumba nilimsikia Shija akikohoa, kikohozi cha kawaida cha msimu wa mvua, na kwa mara ya kwanza nikajikuta nimemtazama mayu kabla sijatazama mtoto. Aliliona jicho langu. Akaanza kuwaita kuku wake, mmoja mmoja, na mimi nikainuka nikamsaidia kuwakamata.